Panya wa Maabara na Ugonjwa wa Mbung'o

Hapa Rusimbi panya hana rafiki. Anakula mahindi, anatoboa magunia, anaiba dagaa. Tukimwona tunaita paka. Lakini wako panya wengine wanaofugwa kwa uangalifu mkubwa. Wanapewa chakula safi, maji safi na nyumba safi. Hao ni panya wa maabara. Kwa nini wafugwe hivyo? Hebu tueleze.

Adui yetu mbung'o

Mbung'o, ambaye wengine tunamwita ndorobo, tunamjua vizuri katika mkoa wetu wa Kigoma. Anauma watu na mifugo, na anaweza kuwaambukiza vijidudu vya damu. Mtu akivipata huugua malale. Ng'ombe akivipata huugua nagana. Hukonda, hupungukiwa damu, hutupa mimba, na mwisho hufa. Katika miaka ya 1930 serikali ya mkoloni iliwahamisha watu wengi wa Buha na kuwaweka katika makazi ya pamoja kwa sababu ya malale. Mpaka leo hakuna chanjo ya malale wala ya nagana.

Lakini si ng'ombe wote hufa. Huko Afrika ya Magharibi kuna ng'ombe wadogo waitwao N'Dama. Wanaumwa na mbung'o, vijidudu vinaingia, lakini wengi wanaendelea kuishi na kuzaa. Uwezo huo wanaurithi kwa wazazi wao. Wataalamu wakajiuliza: umekaa wapi katika mwili?

Kwa nini panya?

Ng'ombe hubeba mimba miezi 9, na ndama huchukua miaka kukua. Ukitaka kufuata urithi wa ng'ombe kutoka babu hadi mjukuu, utazeeka kabla hujamaliza. Panya hubeba mimba wiki 3 tu. Akifika miezi 2 anaweza kuzaa. Basi kwa mwaka mmoja unaona babu, baba, mwana na mjukuu.

Ufundi wa kuwafuga

Panya wa kawaida hawafai, maana kila mmoja ana urithi wake. Mmoja akifa na mwingine akipona, hutajua sababu. Mwaka 1909 Mmarekani mmoja, Clarence Little, alianza kuwapandisha panya kaka na dada, kizazi baada ya kizazi. Kwa watu jambo hilo ni mwiko, lakini kwa panya lilileta faida. Baada ya vizazi 20 panya wa ukoo huo wanafanana karibu kabisa, kama mapacha. Ni kama mbegu safi ya mahindi, isiyochanganyika. Mwaka 1921 Little alianzisha ukoo wa panya weusi ambao uzao wao hutumika mpaka leo. Unaitwa C57BL/6.

Nyumba ya panya nayo ilitengenezwa kwa akili. Ni sanduku la plastiki lenye mfuniko wa waya. Chakula kinawekwa juu ya waya ili kisichafuliwe na mavi. Maji yako kwenye chupa yenye mrija. Chini kuna vumbi la mbao. Masanduku mengine yana kifuniko cha kuchuja hewa, ili ugonjwa usihame toka sanduku hili kwenda lile. Kila sanduku lina kadi inayoonyesha ukoo, wazazi na siku ya kuzaliwa. Panya mwenyewe anatiwa alama sikioni. Kadi ikipotea, kazi ya miaka imepotea. Unaona, ndugu, hata hapo kusoma na kuandika ni kazi!

Mwaka 1972 wataalamu walifaulu kugandisha mimba changa za panya katika baridi kali sana, nyuzi 196 chini ya sifuri. Baadaye waliziyeyusha, wakazipandikiza kwa panya wengine, na watoto wakazaliwa. Tangu hapo ukoo wa panya unaweza kuhifadhiwa kama mbegu ghalani.

Kazi ya Nairobi

Jirani zetu wa Kenya wana Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, huko Nairobi. Wataalamu wake waliwaambukiza panya vijidudu vya nagana. Panya weupe wa ukoo wa A/J walikufa mapema. Panya weusi wa C57BL/6 waliishi muda mrefu zaidi. Basi wakawachanganya, wakapata wajukuu wenye urithi wa pande zote mbili. Wakaangalia nani amekufa mapema, nani amedumu, na kila mmoja amerithi nini. Urithi wa panya umefungwa katika jozi 20 za nyuzi ndogo sana ndani ya mwili. Mwaka 1997 walitangaza kwamba uwezo wa kustahimili nagana uko katika sehemu 3 za nyuzi hizo.

Kisha wakawageukia ng'ombe wenyewe. Waliwachanganya N'Dama na Boran, ng'ombe wa kwetu Afrika ya Mashariki. Matokeo ya mwaka 2003 yaliwashangaza wengi. Urithi mzuri haukutoka kwa N'Dama peke yake, mwingine ulitoka kwa Boran. Kwa hiyo tusidharau ng'ombe wetu wa asili.

Sisi tufanye nini?

Utafiti huo haujatuletea ng'ombe asiyeugua nagana. Kwa hiyo tusingoje. Tutumie mitego na vitambaa vya rangi ya bluu na nyeusi vyenye dawa ya kuua mbung'o. Ng'ombe akikonda na nywele zikisimama, tumwite bwana mifugo mapema. Na mtu aliyetoka porini, kurina asali au kukata kuni, akipata homa na kichwa kumuuma, asiseme ni malaria tu. Aende hospitali, aeleze kwamba ameumwa na mbung'o, apimwe damu. Malale ya upande wetu huua upesi yasipotibiwa, lakini dawa yake ipo.