Mzabibu wa Uani Kinanie

Kiangazi kinapokolea Kinanie, upande wa Mavoko katika Kaunti ya Machakos, nyasi hugeuka rangi ya udongo na migunga ikabaki miiba mitupu. Katikati ya ukavu huo utaona kamba nene za kijani zimejitupa juu ya vichaka na nyua, pingili zake zina pembe nne, zimebanwa kila penye kifundo. Wengi huudhania mnyaa. Uvunje uone: mnyaa hutoa utomvu mweupe, huu hutoa majimaji tu.

Huu ni mzabibu. Wamaasai huuita sukurtuti. Wanasayansi, tangu Linnaeus alipoupa jina mwaka 1767, huuita Cissus quadrangularis. Undugu wake na zabibu za Dodoma unasomeka kwenye kifundo: jani limechipua upande mmoja, na mkabala nalo kimetoka kikono chembamba cha kushikia matawi. Charles Darwin, katika kazi yake ya mwaka 1865 kuhusu mimea inayoparamia, alieleza kwamba kikono cha mzabibu ni kikonyo cha maua kilichobadilishwa kazi.

Jani lenyewe ni dogo na halidumu. Jua likizidi hudondoka, na kazi ya kutengeneza chakula ikabakia kwa shina. Hapo ndipo mmea huu unaponistaajabisha. Mimea mingi hufungua matundu yake ya kupumulia mchana ili ivute hewa ya kaboni, na kwa matundu hayohayo maji yakatoka. Shina la sukurtuti hungoja usiku, joto likishapungua. Kaboni inayoingia hufungwa ndani ya asidi na kuwekwa akiba. Kukicha matundu hujifunga, asidi ikavunjwa, na kaboni ile ikageuzwa sukari kwa nguvu ya mwanga. Mwenendo huu ulionjwa kwa ulimi kabla ya kupimwa maabarani: mwaka 1815 ilichapishwa barua ya Benjamin Heyne, aliyefanya kazi India, kuhusu mmea mwingine ambao majani yake yalikuwa machachu asubuhi, na kufika adhuhuri hayana ladha.

Sukurtuti usiujaribu hivyo. Ndani yake, hata katika matunda yake mekundu, mna fuwele za oksaleti zenye ncha kama sindano, nazo huwasha kinywa na koo. Ndege humeza tunda zima na kwenda kuiangusha mbegu chini ya kichaka kingine, ambako mche hupata kivuli na mahali pa kuparamia.

Yuko pia mlaji wa majani. Nondo aitwaye Hippotion celerio hutaga mayai kwenye mimea ya ukoo wa mzabibu, na kiwavi wake, mwenye pembe mkiani na alama mbili kama macho karibu na kichwa, hunenepa hapo. Mkulima akimkuta humponda. Namwelewa, lakini kuna habari za Bonde la Kerio ambazo ningependa azisikie. Mwaka 2009 Dino Martins, mtaalamu wa wadudu wa Kenya, pamoja na Steven Johnson, walichapisha utafiti wao kuhusu mipapai ya huko. Mpapai jike hauzai bila chavua ya mpapai dume, na wanaoibeba chavua hiyo magizani ni nondo wa jamii hii, wenye ulimi mrefu na mbawa zisizotulia. Umbali wa shamba kutoka vichakani, na hali ya vichaka vyenyewe, vilibadili kazi ya nondo hao. Mpapai unawapa asali ya usiku mmoja. Utoto wao mara nyingi wanaupitia kwenye mimea ya porini ambayo hakuna aliyeipanda.

Kinanie ya leo inajengwa kwa kasi. Mashamba yamekatwa viwanja, eneo la viwanda vya ngozi limetengwa, na mwenye kiwanja huanza kwa kufyeka mpaka udongo uonekane. Anayenuia kupanda mipapai pale ningemwomba auache ua wa zamani upande mmoja, na sukurtuti wake juu. Kama panga limeshapita, aokote pingili chache zenye vifundo, azichomeke kando ya waya kabla ya mvua za vuli. Huota mizizi zenyewe.