Ajali ya Bodaboda au Teksi Mtandao: Namna ya Kushirikiana na Wakili Kudai Fidia

Usafiri wa kuitwa kwa simu umekuwa sehemu ya maisha ya kila siku. Mwananchi hubonyeza simu yake, na baada ya dakika chache bodaboda, bajaji au gari dogo husimama mlangoni. Safari nyingi huisha salama. Inapotokea ajali, hata hivyo, majeruhi na familia yake hujikuta wakikabiliana na gharama za matibabu, siku za kukosa kipato na maswali ambayo hawakuwahi kujiuliza: nani anawajibika, fidia inadaiwa wapi, na je, wakili anahitajika? Makala haya yanaeleza hatua za msingi.

Mwafaka wa haraka una gharama zake

Mara nyingi, kabla majeruhi hajatoka wodini, ndugu wa dereva au mmiliki wa chombo hufika na fedha kidogo wakiomba "kumalizana". Kupokea msaada wa matibabu si kosa. Hatari iko katika karatasi inayoambatana na fedha hizo. Hati inayosema kwamba majeruhi ameridhika na hatakuwa na madai mengine inaweza kufunga mlango wa fidia.

Chukua mfano wa mama muuza mboga aliyevunjika mguu akiwa abiria wa bodaboda. Wiki ya kwanza familia inapewa shilingi 200,000 na kutia saini. Mwezi wa tatu daktari anaeleza kwamba mfupa haukuunga vizuri na upasuaji wa pili unahitajika. Wakati huo genge limefungwa, na saini iliyowekwa wodini ndiyo inayotolewa kama ushahidi dhidi yake. Kwa sababu hiyo, hati yoyote ya kukubali malipo, iwe ya dereva au ya kampuni ya bima, isomwe kwanza na mwanasheria, na isisainiwe kabla daktari hajaeleza hali ya jeraha na matarajio yake.

Nyaraka ndizo msingi wa madai

Wakili hujenga madai kwa ushahidi. Baada ya ajali, tukio liripotiwe kituo cha polisi na majeruhi apatiwe Fomu ya Polisi Namba 3, maarufu kama PF3. Kwa majeruhi mahututi, ndugu mmoja afuatilie fomu kituoni huku wengine wakimkimbiza hospitali; uhai hutangulia.

Nyaraka nyingine za kutunza ni ripoti ya polisi na mchoro wa eneo la ajali, ripoti ya ukaguzi wa chombo, taarifa za daktari, picha za eksirei na risiti zote, zikiwemo za dawa na nauli za kwenda kliniki. Aidha, yaandikwe majina na simu za mashahidi, namba ya usajili wa chombo na kampuni iliyokikatia bima. Uhai wa bima unaweza kuhakikiwa kwa namba ya usajili kupitia mfumo wa TIRA-MIS wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA).

Kwa safari iliyoitwa kwa programu ya simu, kuna ushahidi wa ziada. Kumbukumbu ya safari huonyesha jina la dereva, namba ya chombo, muda, njia na nauli. Ipigwe picha ya skrini na kuhifadhiwa mahali pengine kabla simu haijapotea au akaunti kufutwa. Ajali iripotiwe pia ndani ya programu hiyo, ili kubaki na rekodi ya tarehe.

Nani anawajibika?

Hapa ndipo kazi ya wakili huonekana zaidi. Dereva aliyesababisha ajali kwa uzembe anawajibika. Mmiliki naye anaweza kuwajibika pale dereva alipokuwa akifanya kazi kwa niaba yake, na ndiyo maana wakili huuliza kama dereva alikuwa akipeleka hesabu kwa tajiri, yuko kwenye mkataba wa kumiliki pikipiki, au chombo ni chake.

Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inamtaka mmiliki awe na bima ya kulinda watu wengine wanaoumia kutokana na matumizi ya chombo chake barabarani. Abiria anayelipa nauli ni miongoni mwa wanaokusudiwa kulindwa. Hata hivyo, chombo kilichokatiwa bima ya matumizi binafsi kisha kikatumika kubeba abiria kinaweza kuzua ubishi kutoka kwa kampuni ya bima. Kampuni zinazomiliki programu nazo mara nyingi hueleza katika masharti yao kwamba zinaunganisha tu abiria na dereva. Wakili husoma masharti hayo, huchunguza leseni ya usafirishaji inayotolewa na LATRA, kisha hushauri nani ajumuishwe katika madai.

Majeruhi aliyekuwa safarini kikazi amweleze wakili jambo hilo, kwani anaweza pia kuwa na haki kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF).

Kumchagua wakili

Si kila anayevaa suti na kushinda jirani na mahakama ni wakili. Vishoka hupokea fedha za watu na kutoweka. Jina la wakili lihakikiwe kupitia mfumo wa e-Wakili wa Mahakama ya Tanzania, unaoonyesha kama anaruhusiwa kufanya kazi, au kupitia Chama cha Mawakili Tanganyika (TLS).

Baada ya hapo, makubaliano yawe ya maandishi. Yaeleze kazi itakayofanyika, ada na namna ya kuilipa, gharama za mahakama na taarifa za daktari zitalipwa na nani, na fedha za fidia zitapitia akaunti ipi. Kila malipo yapewe risiti. Mteja ana haki ya kujua hatua iliyofikiwa, na wakili hapaswi kukubali kiasi cha fidia bila ridhaa yake. Malalamiko dhidi ya wakili yanaweza kupelekwa TLS au Kamati ya Mawakili.

Mteja naye ana wajibu. Amweleze wakili ukweli wote, hata usiompendeza: kwamba hakuvaa kofia ngumu, kwamba walipanda mishikaki, au kwamba alikwishapokea fedha. Mambo hayo yanaweza kupunguza fidia, lakini yakifichwa na kuibuliwa na upande wa pili mahakamani hudhoofisha shauri zima.

Madai yanavyokwenda

Kwa kawaida wakili huanza kwa barua ya madai kwa mmiliki na kampuni ya bima. Madai hugawanyika sehemu mbili. Ya kwanza ni hasara mahususi, kama matibabu na kipato kilichopotea, ambayo lazima ithibitishwe kwa vielelezo. Ya pili ni fidia ya jumla kwa maumivu na ulemavu, ambayo mahakama huipima kwa hekima yake.

Kampuni ya bima ikisuasua, malalamiko yanaweza kupelekwa TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambaye huduma yake kwa mlalamikaji haina ada. Ikishindikana, hufunguliwa shauri la madai mahakamani. Ieleweke kwamba kesi ya trafiki dhidi ya dereva ni jambo tofauti: faini anayotozwa huenda serikalini, ingawa hukumu ya kumtia hatiani husaidia katika madai.

Muda ni muhimu. Chini ya Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, madai yatokanayo na uzembe hufunguliwa ndani ya miaka 3. Mazungumzo yasiyo na mwisho na kampuni ya bima yasimfanye mtu avuke muda huo. Pale ajali iliposababisha kifo, mume, mke, watoto au wazazi waliomtegemea marehemu wanaweza kudai chini ya Sura ya 310, na wapate ushauri mapema kuhusu muda na usimamizi wa mirathi.

Asiye na uwezo wa kumlipa wakili

Sheria ya Msaada wa Kisheria Namba 1 ya mwaka 2017 inawalinda wasiomudu gharama. Wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa hutoa elimu na ushauri bila malipo na huwaelekeza wahitaji kwa mawakili, ingawa wao wenyewe hawaruhusiwi kumwakilisha mtu mahakamani. Mwanasheria wa Halmashauri naye hawakilishi mtu binafsi, lakini ofisi yake pamoja na Ofisi ya Ustawi wa Jamii zinaweza kumwelekeza mwananchi kwa watoa huduma waliosajiliwa.

Wananchi wanashauriwa kuanzia kwa Mtendaji wa Kata au Ustawi wa Jamii, wakiwa na PF3, risiti na kumbukumbu za safari. Asiyeweza kutembea anaweza kumtuma ndugu. La muhimu ni kufika kabla ya kutia saini.