Shamba la Udongo Mzito: Toa Maji Kwanza

Mvua kubwa ikiisha kunyesha siku tatu mfululizo, vaa viatu vyako vya mpira uende ukasimame katikati ya shamba. Kama kila hatua inanyanyua donge la udongo, na nyayo ulizoacha nyuma zimejaa maji, na kesho yake bado zimejaa, basi maneno haya yameandikwa kwa ajili yako.

Wazee wengi waliopata mashamba Nyandarua chini ya Mpango wa Eka Milioni, ulioanza mwaka 1962, walitoka sehemu zenye udongo mwekundu. Udongo ule humeza maji upesi. Ukiulima leo au juma lijalo, tofauti si kubwa. Walipofika Kinangop na Ol Kalou walikuta udongo wa namna nyingine kabisa, lakini jembe lilikuwa lile lile na desturi ilikuwa ile ile. Hata leo wajukuu wao wengi wanaulima udongo mzito kama kwamba ni mwekundu, kisha wanailaumu mbegu.

Kwanza yafaa ujue una udongo gani. Chimba shimo la futi 3 mahali pa kawaida, si kando ya boma wala njiani. Ukikuta udongo mweusi tangu juu hata chini, ambao wakati wa kiangazi hupasuka nyufa za kuingiza mkono, huo ndio wengi huuita udongo wa pamba. Hufura ukilowa na hunywea ukikauka. Lakini Kinangop mara nyingi utakuta jambo jingine: juu pana udongo wa kijivujivu usio mzito sana, na chini yake, mara nyingi kabla ya futi 2, mfinyanzi uliokazana kama sakafu. Maji ya mvua hushuka mpaka kwenye sakafu hiyo, hayana pa kwenda, yanarudi juu. Mwenye shamba la namna hii asilime kwa kina kikubwa mpaka akauleta mfinyanzi ule juu, maana atakuwa ameufukia udongo wake mzuri kwa mikono yake mwenyewe.

Punje za mfinyanzi ni ndogo mno, hazifiki sehemu moja ya 500 ya milimita. Nafasi zilizo kati yake ni ndogo vile vile, na maji yakishazijaza hewa haina mlango. Mizizi nayo hupumua. Mahindi yakisimama majini kwa siku kadhaa hugeuka manjano, na mkulima akiona manjano hukimbilia dukani kununua mbolea. Hapo ndipo fedha zinapopotea. Katika udongo uliojaa maji sehemu ya naitrojeni ya mbolea hugeuka hewa ikapaa, na mmea hauna nguvu ya kunyonya ile iliyobaki. Mfuko ule ungengoja mpaka maji yatoke.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni mtaro, wala si mbolea. Tazama maji yanaingia wapi. Kama yanashuka kutoka juu ya shamba, chimba mtaro wa kuyakinga kule juu kabla hayajafika kwenye mimea, uyaongoze pembeni. Usiuteremshe wima, kwa maana utakula ardhi na baada ya miaka michache utakuwa na korongo. Mteremko wa futi 1 kwa kila futi 200 unatosha. Huhitaji mpimaji wa Serikali kwa kazi hii. Kamba, vijiti viwili vya urefu mmoja na pimamaji ndogo ya fundi wa nyumba vitakuonyesha.

Lakini maji hayo yatakwenda wapi? Katika skimu mashamba yamepangwa bega kwa bega, na mtaro wako ukiishia kwenye mpaka, umemfungulia jirani bwawa. Ugomvi wa namna hii nimeuona ukiendelea miaka mingi, mpaka watoto wa nyumba mbili hawasalimiani, na wakati huo wote mashamba yote mawili yalikuwa yakioza. Nenda ukamwone mwenye shamba la chini kabla hujashika sururu. Ikiwa mashamba matano au sita yamo katika mteremko mmoja, mtaro mkuu mmoja wa kushuka hadi bondeni, uliooteshwa nyasi ili maji yasiuchimbe, utawafaa wote, na kila mtu atafungua wake humo. Naibu wa chifu na afisa wa kilimo wa wodi yenu wanaweza kuwakalisha pamoja ikiwa mmoja anakataa.

Maji ya nje yakishakingwa, yale yanayonyesha juu ya shamba lenyewe huondolewa kwa matuta mapana. Tuta lenye mgongo wa futi 4, na mfereji wa futi moja na nusu kati yake na la pili, kina inchi 6 hadi 9, laweza kutengenezwa kwa jembe la mkono. Katika nyanda za juu za Ethiopia wako wakulima ambao tangu zamani wameinua matuta ya namna hii kwa mikono katika udongo mweusi. Mifereji iteremke polepole kuelekea mtaro wa kutolea maji. Viazi, kabeji, maharagwe na mahindi vipande juu ya mgongo. Tena matuta hayo usiyavunje kila mwaka. Yaache pale pale, wewe na watu wako mkanyage mfereji tu, na samadi yote iende juu ya tuta.

Sasa nije kwenye jambo linaloharibu mashamba kuliko yote, nalo ni kulima siku isiyofaa. Mimi niandikaye haya niliwahi kukodi trekta mwezi wa Aprili kwa kuwa mwenyewe alikuwa na nafasi siku hiyo, nami niliogopa kupoteza zamu yangu. Lililima vizuri kwa macho. Mapande ya udongo yaling'aa kama sabuni. Jua lilipotoka yakageuka matofali, na misimu miwili baadaye nilikuwa bado nayaponda. Chini yake plau ilikuwa imepaka sakafu ambayo maji hayakuweza kuipenya. Ng'ombe wanaoachwa shambani wakati wa mvua hufanya ubaya ule ule kwa kwato zao.

Siku ya kulima huipati katika kalenda, utaipata mkononi. Chukua udongo kutoka inchi 4 au 5 chini, si wa juu, kwa maana wa juu hukauka mapema na kukudanganya. Uviringishe kati ya viganja uwe kama penseli. Ukinyooka bila kukatika, rudi nyumbani ukafanye kazi nyingine. Ukikatikakatika, na kumomonyoka unapoubonyeza kwa kidole gumba, funga maksai siku hiyo hiyo. Na usipoweza kuuvunja kwa mkono, umechelewa. Kati ya kulowa kupita kiasi na kukauka kupita kiasi siku za kufaa ni chache, na kwa sababu hiyo mwenye kutegemea trekta la kukodi afadhali apatane na mwenyewe mapema, waelewe kwamba ni udongo utakaotaja siku.

Wakati mzuri ni mara baada ya kuvuna, udongo ukiwa na unyevu kidogo. Lima, kisha uache mabonge makubwa bila kuyasaga. Udongo mweusi una wema huu: jua huukausha, manyunyu ya kwanza huulowesha, ukakauka tena, na mabonge humomonyoka yenyewe. Kazi hiyo haulipishwi.

Samadi na mboji ndizo zinazobadili tabia ya udongo huu, kwa kugandamanisha zile punje ndogo ziwe chembe kubwa zinazopitisha maji na hewa, na kwa kuwalisha nyungunyungu. Tani 4 kwa eka, yaani wilibaro 80 za kilo 50, ni kiasi kizuri kwa mwaka. Usishtuke, ng'ombe mmoja wa maziwa anayefungiwa bandani hutoa kilo 20 au zaidi za samadi mbichi kwa siku. Hupungua ikioza, lakini bado ni nyingi kuliko watu wanavyodhani, na sehemu kubwa huoshwa na mvua kwa sababu shimo halikufunikwa. Mabua nayo usiyachome. Walishe ng'ombe, au uyatie kwenye mboji.

Utasikia mtu akikushauri utie mchanga. Hesabu kwanza. Udongo wa eka moja kwa kina cha inchi 6 una uzito wa karibu tani 900. Ili nusu yake iwe mchanga utahitaji tani 450, yaani safari zaidi ya 60 za lori la tani 7. Ukitia kidogo hakuna utakachoona. Mchanga weka kwenye kitalu cha miche, uishie hapo.

Chokaa ni habari nyingine. Katika udongo mweusi wenye vijiwe vyeupe chini, chokaa tayari imo, na kuongeza ni hasara. Udongo wa kijivu wa Kinangop mara nyingi una asidi na chokaa huweza kuufaa, lakini usinunue kwa kukisia. Chota udongo mahali 15 hivi ukienda kwa kupindapinda shambani, uchanganye ndani ya ndoo safi, upeleke kilo moja kwenye maabara ya udongo ya KALRO kule Kabete, au umwombe afisa wa kilimo akupelekee.

Pembe ya bondeni isiyokubali kukauka hata baada ya mitaro usipigane nayo. Kule Mwea udongo mweusi unakuza mpunga tangu miaka ya 1950 kwa sababu hiyo hiyo, kwamba unashika maji. Nyandarua ni baridi mno kwa mpunga, lakini pembe ile yaweza kukupa nyasi za kukata mwaka mzima.

Usianze na shamba zima. Mwaka huu tengeneza robo eka, ile iliyo karibu na banda ili wilibaro isiende mbali, na kando yake uache kipande kilimwe kwa desturi ya zamani. Vuna kila upande peke yake, upime kwa debe.