Kuiga Ruksa, Kuficha Mwiko

Mpe muunda pedali kifaa kipya mkononi, naye hatachomeka gitaa kwanza. Atatafuta bisibisi. Skrubu nne za chini zikishafunguka atakiinamisha kwenye taa, atafuata njia za shaba kwa ncha ya kidole, kisha atataja jina la kifaa kingine kabisa, cha mwaka 1974, cha kampuni nyingine, pengine cha nchi nyingine. Ameshautambua ukoo wake. Habari ya mlio itasubiri.

Pedali ninazozisema ni vile visanduku vya chuma ambavyo mpiga gitaa huvipanga sakafuni, kati ya gitaa na amplifaya, akavibonyeza kwa mguu ili sauti ikwaruze, itetemeke, irudi kwa mwangwi au izunguke. Madukani zimejaa. Hata hivyo ipo jamii, imetawanyika Marekani, Uingereza, Japani, Ujerumani, Brazili na kwingineko, ambayo kwayo kununua pedali iliyokamilika ni jambo la mwisho kufikiriwa. Ndani yake wamo wahandisi, walimu, madereva na wanafunzi. Wengi ni wanaume, na wengi huifanya kazi hii usiku, kwenye meza ya jikoni, watu wa nyumbani wakishalala. Hawana mwenyekiti wala katiba. Wana mila, na kubwa kuliko zote ni hii: kuiga kazi ya mwenzako si aibu, aibu ni kuificha ya kwako.

Kuipenda hitilafu nako wamerithi. Mwishoni mwa 1960, Nashville, Grady Martin alikuwa akirekodi besi ya nyuzi sita katika wimbo wa Marty Robbins uitwao "Don't Worry". Transfoma kwenye meza ya kuchanganyia sauti ikaharibika, na besi ikatoka ikikoroma. Waliiacha hivyo hivyo. Wimbo ulitoka 1961, watu wakaupenda, na fundi mitambo wa studio, Glenn Snoddy, akaunda saketi ndogo ya kutoa mkoromo ule kwa makusudi. Gibson ikaanza kuiuza mwaka 1962 kwa jina la Maestro Fuzz-Tone. Ndiyo fazi ya kwanza kuuzwa madukani kwa wingi. Tangu hapo, kifaa kikifanya kisichotarajiwa, waunda pedali hawakimbilii kukitengeneza. Hukisikiliza kwanza.

Lakini anayetaka kuwaelewa watu hawa aitazame feiza. Fazi ni kazi ya jioni moja. Feiza ndiyo inayomtenga mgeni na mwenyeji.

Feiza huigawa sauti ya gitaa njia mbili. Njia moja hupita bila kuguswa. Nyingine hupitishwa katika ngazi kadhaa za saketi, na kila ngazi huyasogeza mawimbi nyuma kidogo, tena kwa kiasi kisicho sawa kati ya sauti nene na nyembamba. Njia hizo zikikutana tena, baadhi ya masafa hukutana yakiwa kinyume na kufutana. Ngazi mbili huleta pengo moja, ngazi nne mapengo mawili. Saketi nyingine ya pembeni huyapandisha na kuyashusha mapengo hayo bila kukoma, na msikilizaji husikia sauti ikizunguka, kama ya mtu anayeongea mbele ya feni.

Babu wa ukoo huu ni Uni-Vibe. Iliundwa Japani mwishoni mwa miaka ya 1960 na mhandisi Fumio Mieda, ikatengenezwa na Shin-ei, na Marekani ikauzwa kwa chapa ya Univox. Wauzaji waliinadi kama mbadala mwepesi wa Leslie, lile spika kubwa la ogani lenye honi inayozungushwa kwa mota. Kwa kazi hiyo haikufaa, maana hailii kama Leslie hata kidogo. Jimi Hendrix aliitumia Woodstock, Agosti 1969, na baada ya hapo hakuna aliyekumbuka kwamba ilikusudiwa kuwa kitu kingine.

Ndani ya Uni-Vibe mna balbu ndogo iliyozungukwa na seli nne ambazo ukinzani wake hubadilika kwa mwanga. Balbu huwaka na kufifia, na seli huifuata. Kwa kuwa balbu haiwaki ghafla wala haizimi ghafla, mwendo wake hauna ulinganifu: hupanda kwa namna moja, hushuka kwa namna nyingine. Ndiyo sababu Uni-Vibe hupwita. Wapo waliojaribu kuweka taa za LED badala ya balbu, na wengi wamerudi kwenye balbu. Kazi ngumu ni kuweka kila seli mahali pake na kuutega mwanga uzifikie zote. Mafundi wengine hukata kopo la soda na kulikunja kuzunguka balbu, upande wa kung'aa ukiwa ndani. Seli zenyewe zina kadimiamu, ambayo Umoja wa Ulaya umeibana katika vifaa vya umeme tangu 2006, hivyo mwenye akiba ya zamani huigawa kwa kuhesabu. Mchoro ambao wengi wameufuata ni Neovibe wa R. G. Keen, mmoja wa walimu wakubwa wa jamii hii, aliyeutoa bure pamoja na maelezo marefu ya kila sehemu inafanya nini na kwa nini. Kwa hadhi ya watu hawa, Keen ni mzee wa mji.

Mwaka 1971 Tom Oberheim alileta Maestro PS-1, feiza isiyohitaji balbu. Muda mfupi baadaye wakaja vijana wawili wa Rochester, New York, Keith Barr na Terry Sherwood, ambao riziki yao ilikuwa kutengeneza vyombo vya sauti vilivyoharibika. Kampuni yao waliiita MXR, na feiza yao, Phase 90, ilikuwa kisanduku cha rangi ya chungwa chenye kitufe kimoja tu cha kuzungusha. Electro-Harmonix wakajibu kwa Small Stone, kazi ya Mwingereza David Cockerell. Hiyo ndiyo unayoisikia Jean-Michel Jarre akiipitishia kinanda chake cha Eminent katika *Oxygène* ya 1976.

Phase 90 imezaa ada ambayo sijaiona katika ufundi mwingine wowote. Ngazi zake nne huendeshwa na transista nne za aina ya JFET, na sharti zote ziwe na tabia moja. Zisipolingana, ngazi moja itafunguka mapema, nyingine itachelewa, na mzunguko utakuwa wa kilema. Kiwandani transista hizi hazitoki sawa. Aina ya 2N5457, kwa mfano, karatasi yake ya maelezo inaruhusu volti ya kuifunga iwe popote kati ya 0.5 na 6 chini ya sifuri. Kwa hiyo mjenzi hununua mfuko mzima ili apate nne. Anaunga saketi ndogo ya kupimia kwa betri ya volti 9 na mita, anapima moja moja, anaandika namba kwenye vipande vya karatasi na kuzichomeka transista humo. Hazishikwi kwa vidole wakati wa kupima, kwa kuwa joto la mkono hubadilisha namba. Unaiweka, unasubiri ipoe, ndipo unasoma. Ni kazi ya kuchosha na sijui mtu anayeifurahia, ila kila mmoja hujivunia kuwa ameifanya. Zinazobaki hazitupwi. Hugawiwa kwa makundi ya nne nne, na kumpa mwanagenzi kundi lililokwisha kulinganishwa ni zawadi ya heshima kuliko kumpa pedali nzima.

Aliyenunua Phase 90 ya dukani naye ana njia ya kuingia. Matoleo ya mwanzo, yale yenye jina la kampuni kwa mwandiko wa mkono, yanasifiwa kwa mlio mtulivu. Ya baadaye yaliongezwa rezista ya kurudisha sehemu ya sauti nyuma, mlio ukawa mkali. Kwenye bodi rezista hiyo imeandikwa R28. Mwenye kutaka mlio wa zamani huikata mguu mmoja kwa koleo, basi. Wengi walianzia hapo: kipande kimoja kilichokatwa, na mtu hakuweza tena kutazama kisanduku kilichofungwa akatulia.

Mgeni utamjua kwa kutaja Phase 90 na kuishia hapo. Wenyeji watakutajia Ross ya Chanute, Kansas. DOD 201 ya Salt Lake City. Ibanez PT-909, iliyotoka kwa Wajapani wa Nisshin ambao bidhaa zao waliziuza pia kwa jina la Maxon. Boss PH-1, moja kati ya pedali tatu ndogo ambazo Boss ilianza nazo mwaka 1977. Au Compact Phasing A ya Schulte wa Ujerumani. Mimi moyo wangu uko kwa Mu-Tron Bi-Phase, dude zito lenye feiza mbili ndani, ambalo Lee "Scratch" Perry alilitumia katika studio yake ya Black Ark, Kingston, hadi ngoma na gitaa vikawa kama vinapigwa chini ya maji. Nyingi kati ya hizi zilipouzwa hazikuthaminiwa. Zimeokolewa na watu walionunua mbovu kwa bei ya chuma chakavu, wakazifufua, wakachora ramani ya saketi na kuigawa.

Kuchora ramani ndiyo ibada kuu. Anayeifungua pedali ambayo haijulikani undani wake hufuata kila njia, hupima kila kipande, huchora, hutoa. Jina lake hukaa kona ya chini ya mchoro, na anayejenga kwa kuufuata hapaswi kulifuta. Kisheria mlango uko wazi kuliko wengi wanavyodhani: Marekani saketi inaweza kulindwa kwa hataza, ambayo ina mwisho wake, lakini waundaji wengi wadogo hawaombi hataza. Kwa hiyo kilichobaki ni adabu. Kujijengea nakala yako, ruksa. Kuuza nakala ya kitu kilichokufa miaka arubaini iliyopita, ruksa, ukitaja asili. Kuuza nakala ya kazi ya fundi mdogo aliye hai na bado anaiuza ni kumnyang'anya mtu chakula, na atakayefanya hivyo watamsema mpaka achoke.

Na anayeficha? Mwaka 1994 Bill Finnegan wa Massachusetts alianza kuuza Klon Centaur, pedali ya kuongeza ukali wa sauti aliyoijenga kwa mkono hadi karibu 2008, takribani 8,000 zote pamoja. Saketi aliimwagia gundi ngumu nyeusi isionekane. Alikuwa na haki ya kulinda riziki yake, na simlaumu. Ila kwa jamii hii gundi ni tusi. Watu walikwangua na kuyeyusha, sehemu kwa sehemu, mpaka ramani kamili ikapatikana, na leo nakala za Klon hazina idadi. Cha ajabu, ya asili haikushuka bei, bali inauzwa maelfu ya dola. Finnegan alipotoa pedali nyingine baadaye aliandika juu yake, kwa ungwana, kwamba kelele zote zile hakuzianzisha yeye.

Wasidhaniwe kuwa ni watu wanaofuata akili peke yake, maana ushirikina upo, tena mwingi. Wapo wanaoapa kwamba fazi hulia vizuri zaidi kwa betri ya bei rahisi iliyokaribia kufa. Hilo lina ukweli kidogo, kwa sababu betri iliyochoka huipunguzia saketi umeme na kuifanya ikwame mapema. Wapo wanaolipa pesa nyingi kwa waya uliovishwa kitambaa au chipu yenye herufi fulani mgongoni, na hapo mimi nawaacha na waganga wao.

Nao wana upofu wao. Huzungumza kana kwamba feiza ina wenyewe wa Marekani, Uingereza na Japani tu, huku Nouakchott, Mauritania, imekuwa sehemu ya muziki wa harusi. Huko magwiji wa koo za wanamuziki, walioirithi tidinit, zeze la mababu, wameihamishia midundo yake kwenye gitaa la umeme. Huliongezea vizuizi shingoni ili lipate sauti za robo ambazo gitaa la kiwandani halina, na hulipitisha katika feiza. Msikilize Jeiche Ould Chighaly akimpigia mkewe, mwimbaji Noura Mint Seymali, katika *Tzenni* ya 2014 au *Arbina* ya 2016. Kwa wengi wa Ulaya feiza ni kiungo cha kunyunyiza kwenye ubeti mmoja. Kwa Jeiche ndiyo mlio wenyewe wa gitaa, na kwa maoni yangu hakuna anayeitumia vizuri kuliko yeye.

Sasa neno kwa fundi redio wa Kariakoo au wa Luthuli Avenue anayesoma haya, ambaye mkono wake wa kulehemu tayari unawazidi wengi niliowataja. Usianze na feiza. Anza na LPB-1 ya Electro-Harmonix, kiongeza nguvu cha transista moja, rezista nne, kapasita mbili na volyumu moja. Vyote vinapatikana kwenye redio mbovu zilizo chini ya meza yako. Kisha jenga Fuzz Face, vipande kumi na moja. Tumia betri ya volti 9, usiguse umeme wa ukutani. Mwite mpiga solo wa bendi ya mtaani aijaribu kabla hujaifunga kwenye mkebe, kwani kurekebisha saketi iliyokwisha fungwa ni adhabu. Ikilia, chora ramani yake, andika jina lako na la uliyemfuata, umpe fundi wa meza ya jirani.