Kiko Ulichokiacha Kinakungoja Nyumbani

Ndugu msomaji, huenda wewe ni mfanyakazi wa Dar es Salaam au Tanga, nawe umekwisha kuacha kuvuta kiko miaka mingi. Pengine uliacha kwa sababu ya kikohozi, pengine mkeo alichoshwa na harufu ya mapazia, au ulihesabu fedha zilizokuwa zikigeuka majivu. Mjini hukutaabika sana. Taabu huanza siku uendapo likizo nyumbani.

Gari linaiacha Mombo katika joto, linapanda kona baada ya kona, linapita Soni penye maporomoko, na ufikapo Lushoto, kiasi cha mita 1,400 juu ya bahari, baridi ya Julai imekwisha kuingia mifupani. Jioni ukungu unashuka juu ya migomba. Wazee wameuzunguka moto. Baba yako mkubwa anashindilia tumbaku, anaweka kaa juu yake, anavuta mara mbili, anakohoa, kisha anakunyooshea kiko. "Mwacha asili ni mtumwa," asema. Wote wanakutazama.

ASILI NI IPI?

Hapana shaka tumbaku ina historia ndefu katika milima ya Usambara. Mwingereza Richard Burton, aliyefika Vugha kwa Kimweri mwaka 1857, aliandika habari za tumbaku ya huko iliyofanywa mikate na kupelekwa mpaka Unguja. Watu wa pwani nao walikienzi kiko hata wakakipa kila kiungo jina lake: bori ni kibakuli cha udongo kinachotiwa tumbaku, digali ni mrija unaoteremsha moshi majini, shilamu ni mrija wa kutia kinywani, na sauti ya maji yanapovutwa ndiyo malio ya kiko.

Lakini mmea wenyewe ni mgeni. Kwao ni bara la Amerika, nao ulivuka bahari kuja kwetu baada ya mwaka 1492. Wazee wa milimani walikuwa wakiota moto pamoja na kuzungumza kabla jani hilo halijajulikana. Basi asili ni baraza, na baraza halidai moshi kinywani mwa mtu.

MWILI HUKUMBUKA

Aliyekaa miaka kumi bila kiko hudhani kwamba ataweza kuvuta kimoja kwa heshima ya wenyeji akaishia hapo. Wengi hukitafuta cha pili kesho yake, maana nikotini hufika ubongoni kwa sekunde chache, na ubongo uliokwisha kuizoea hausahau upesi.

Husemwa pia kwamba kiko si kibaya kama sigara kwa kuwa wavutaji wengi hawaushushi moshi kifuani, au kwamba maji huusafisha. Huko ni kujidanganya. Uvutaji wa kiko huleta saratani ya midomo, ya kinywa, ya koo na ya mapafu. Maji huupoza moshi, lakini sumu nyingi hupita. Kwa upande mwingine, mvutaji akitimiza mwaka mmoja tangu kuacha, hatari ya ugonjwa wa moyo iliyoletwa na tumbaku hupungua kiasi cha nusu. Hiyo ndiyo akiba unayotakiwa kuitoa jioni moja.

UJIBU NINI?

Usimkatalie mzee kwa ukali, wala usimhubirie. Pokea kiko kwa mikono miwili, kitazame, uliza nani aliyekifinyanga, kisha mrudishie mwenyewe: "Baba mkubwa, kifua kimeniomba ruhusa." Usikimbilie ndani. Kaa papo hapo, ushike kikombe cha chai iliyochumwa katika milima hiyohiyo, au usaidie kuchambua maharage, kwa kuwa mikono isiyo na kazi ndiyo hukitamani kiko. Uliza habari za shamba, za mipaka, za marehemu. Ukiuliza vema, saa moja itapita bila mtu kukumbuka kwamba huvuti.

Na kama likizo iliyopita ulikubali, usijione umepotea. Kuteleza si kuanguka. Aliyeweza kuacha mara ya kwanza anaijua njia.

Zaidi ya yote, mtazame mwanao aliyejikunyata kando ya moto. Yeye amekuja kuwajua wazee wake, na kila ufanyacho anakiona. Jioni hiyo atakuwa amejifunza kwamba mtu aweza kukikataa kiko bila kumkataa babu.