Kitufe cha Manjano

Wengi wetu Afrika Mashariki tulianza kumfuatilia Barack Obama mwaka 2004, alipohutubia mkutano mkuu wa chama cha Democratic mjini Boston. Wakati huo alikuwa ameshakaa miaka saba na ushei katika Seneti ya Jimbo la Illinois, kazi ambayo aghalabu haimpi mtu umaarufu hata mtaani kwake. Kwa anayetaka kujua mbunge wa jimbo huishi vipi kisiasa, miaka ile ina mafunzo mengi kuliko minane ya Ikulu.

Majimbo yote 50 ya Marekani yana mabunge yao, na yote isipokuwa Nebraska yana mabaraza mawili. Humo ndimo hutungwa sehemu kubwa ya sheria za jinai, za shule na za leseni. Malipo ni ya ajabu: mbunge wa California huishi kwa mshahara wake, ilhali mwenzake wa New Hampshire hupata dola 100 kwa mwaka. Wengi basi hubaki na kazi zao nyingine. Obama aliendelea kufundisha sheria katika Chuo Kikuu cha Chicago, na vikao vikiitishwa alisafiri kilomita zipatazo 320 hadi Springfield, makao makuu ya jimbo.

Kiti chenyewe alikipata kwa makaratasi. Seneta Alice Palmer alikuwa ameamua kugombea Bunge la taifa, akashindwa mwishoni mwa 1995, kisha akataka kurudi kwenye kiti chake. Obama alikataa kumpisha. Ili kuingia kwenye mchujo, mgombea alihitaji saini 757 za wapiga kura wa eneo lile, na watu wa Obama walizipitia za wapinzani wake moja baada ya nyingine, wakitafuta majina yasiyosajiliwa na anwani za nje ya eneo. Palmer akajitoa, wengine watatu nao wakakosa kuingia. Obama aliingia kwenye mchujo peke yake, na Kusini mwa Chicago anayeshinda mchujo wa Democratic ameshapata kiti. Mambo yote yalikuwa halali, ingawa kwa mtu aliyesifika kwa kuwasajili wapiga kura hayapendezi sana.

Springfield ilimpokea kwa ubaridi. Warepublican ndio waliokuwa wengi katika Seneti ya watu 59, na rais wao, Pate Philip, alishika funguo. Kila mswada ulipitia Kamati ya Kanuni, ambayo rais wa Seneti aliiongoza alivyotaka. Asioupenda haukupigiwa kura ya kuukataa, ulilala tu humo mpaka muhula uishe. Seneta wa upande wa wachache aliweza kuwa msomi na msemaji hodari, akamaliza miaka akiandika miswada isiyotoka kamatini. Sheria ya maadili ya 1998, iliyobana zawadi kwa wanasiasa, Obama aliipitisha kwa kuwa kiongozi wa chama chake, Emil Jones, alimkabidhi kazi hiyo na Warepublican nao waliitaka. Jioni alicheza karata na maseneta wa mashambani na wa vitongoji, na sidhani alifuata karata tu.

Kuna jambo moja dogo ambalo wageni wa bunge lile hulishangaa. Seneta ana vitufe vitatu: kijani cha ndiyo, chekundu cha hapana na cha manjano cha "nipo". Mswada wa kawaida huhitaji kura 30 za ndiyo, hata waliohudhuria wawe wachache, hivyo manjano huuzuia sawasawa na nyekundu. Tofauti ni kwamba mpinzani wako hawezi kukutangaza redioni kuwa ulisema hapana. Obama alikibonyeza mara zipatazo 130 katika kura zipatazo 4,000, na mwaka 2008 wapinzani wake walimsimanga kwa hilo. Mara nyingine ulikuwa mkakati wa chama. Lakini kinga ni kinga, na mimi siwezi kuiita ushujaa.

Mwaka 2000 alijaribu kumng'oa Bobby Rush katika Bunge la taifa, akabwagwa kwa takriban kura mbili kwa moja. Kilichomwokoa hakikuwa kipaji chake. Mwaka 2001 vyama vilishindwa kukubaliana juu ya mipaka mipya ya maeneo ya uchaguzi, na kwa mujibu wa katiba ya jimbo jina la mwamuzi likachaguliwa kwa bahati nasibu. Likatoka la Mdemocrat. Mipaka ikachorwa upya, Democratic wakatwaa Seneti, na Januari 2003 Jones akawa rais wake. Ghafla miswada ya Obama ikaamka. Mmoja uliwalazimisha polisi kuandika rangi ya kila dereva wanayemsimamisha. Mwingine ulitaka mahojiano ya washukiwa wa mauaji yarekodiwe, katika jimbo ambalo watu 13 waliohukumiwa kifo walikuwa wamethibitika kutostahili hukumu hiyo. Polisi na waendesha mashtaka waliupinga. Akakaa nao, akabadilisha vifungu, na Seneti ikaupitisha bila kura hata moja ya kupinga.

Mwishoni mwa 2004, Obama alipoelekea Washington, kiti chake kilikwenda kwa wakili Kwame Raoul, mwana wa wahamiaji kutoka Haiti. Yeye hakukimbilia Washington. Alikaa Springfield takriban miaka 14, na ndiye aliyeusimamia katika Seneti mswada uliofuta hukumu ya kifo Illinois, ambao gavana aliutia saini Machi 2011.