Usakinishaji wa Kisaidizi cha Ithibati na Maktaba Zake kwa Msimamizi wa Vifurushi: Mfano wa Coq na Opam

Ikisiri

Makala hii inaeleza namna ya kusakinisha kisaidizi cha ithibati Coq pamoja na maktaba zake kwa kutumia opam. Hoja inayotetewa ni kwamba ithibati iliyokaguliwa na kompyuta haitenganishwi na matoleo ya programu yaliyoikagua. Kwa hiyo usakinishaji ni sehemu ya utafiti wenyewe, wala si kazi ya fundi wa maabara peke yake.

1.0 Utangulizi

Kisaidizi cha ithibati ni programu inayomwezesha mtafiti kuandika ithibati kwa lugha rasmi, kisha kompyuta ikakagua kila hatua bila kuruka hata moja. (Tumechagua neno “ithibati” badala ya “ushahidi”, ambalo bado lina harufu ya mahakama.) Coq ilianza kuundwa mwaka 1984 katika taasisi ya INRIA nchini Ufaransa na Thierry Coquand na Gérard Huet, tangu toleo 9.0 la mwaka 2025 inaitwa Rocq. Mwaka 2012 kikundi kilichoongozwa na Georges Gonthier kilikamilisha kwa programu hiyo ithibati ya nadharia ya Feit na Thompson, ambayo ilipochapishwa mwaka 1963 ilichukua kurasa 255. Kazi hiyo ya miaka sita ilikuza maktaba ya Mathematical Components, inayotumiwa na watafiti wengi hadi leo.

2.0 Kwa nini msimamizi wa vifurushi

Coq imeandikwa kwa lugha ya OCaml, na opam ndiye msimamizi wa vifurushi wa lugha hiyo. Mtu angeweza kupakua kila maktaba kwa mkono, lakini punde angekwama. Faili ambalo Coq hulitoa baada ya kukagua maktaba hubeba alama ya maktaba nyingine lililozitegemea. Toleo likibadilika, hata kidogo, faili la zamani hukataliwa na maktaba haina budi kukaguliwa upya. Ukali huo ni wa haki: programu inayokubali kuchanganya matoleo ingekuwa inathibitisha kitu kisichojulikana. Opam hukokotoa matoleo yapi yanapatana, kisha huyajenga kwa mpangilio unaofaa kutoka kwenye msimbo chanzo.

3.0 Hatua za usakinishaji

Baada ya opam yenyewe kuwekwa, amri ya kwanza ni “opam init”. Inayofuata huunda mazingira yaliyojitenga, ambayo opam huyaita “switch”:

opam switch create utafiti 4.14.2

Mazingira haya yana kompaila yake na maktaba zake, hivyo mradi mmoja hauvurugi mwingine. Mtafiti mwenye miradi mitatu na awe na mazingira matatu. Diski ni rahisi kuliko wiki ya kutafuta kosa. Kisha toleo la Coq hufungwa:

opam pin add coq 8.20.0

Kufunga huku kuna maana kubwa. Bila hivyo, amri ya kusasisha inayotolewa miezi sita baadaye yaweza kupandisha Coq na kuivunja ithibati ambayo haikuwa na kosa lolote. Mwisho, huongezwa hazina ya vifurushi vya Coq iitwayo “released”, na maktaba huombwa kwa jina, kwa mfano:

opam install coq-mathcomp-ssreflect

Vikwazo viwili huwapata wengi. Coq hutegemea maktaba ya mfumo iitwayo GMP, na kuiweka huhitaji ruhusa ya msimamizi wa kompyuta, ambayo mwanafunzi katika maabara ya chuo kwa kawaida hana. Aidha, ujenzi kutoka kwenye msimbo chanzo hula kumbukumbu: kompyuta ndogo inayojenga faili nyingi kwa wakati mmoja yaweza kusimama kabisa. Chaguo la “-j 1” huiamuru opam ijenge kifurushi kimoja kimoja. Hukawia, lakini hufika.

4.0 Pale mtandao unapokatika

Opam huchukulia kwamba mtandao upo. Katika vyuo vyetu dhana hiyo haifai kutegemewa, na hapa ndipo sera inapohusika. Amri ya “opam admin cache”, ikitolewa ndani ya nakala ya hazina, hupakua msimbo chanzo wa vifurushi na kuuweka kwenye akiba. Seva moja ya chuo yenye akiba hiyo huweza kuhudumia maabara nzima kwa mtandao wa ndani, na darasa la watu arobaini halilazimiki kupakua kitu kilekile mara arobaini.

Akiba hiyo ina faida ya pili. Amri ya “opam switch export” huandika orodha ya vifurushi vyote na matoleo yake katika faili dogo, lakini orodha pekee haina msimbo chanzo ndani yake. Anwani ya kupakulia ikitoweka, orodha inabaki kuwa majina matupu. Kwa hiyo, chuo kinapopokea tasnifu yenye ithibati ya Coq, kidai vitu vitatu viwekwe pamoja maktabani: faili za ithibati, orodha ya opam, na akiba ya msimbo chanzo wa matoleo yaliyotajwa humo. Mtahini naye apewe muda wa kuijenga upya kwenye kompyuta ambayo mtahiniwa hajaigusa.